Hilali Mnunua-Mbovu na Chiriku Saba wa Fedha

Alikuwako, katika zama ambazo wenye kuzikumbuka nao wamekwisha kusahauliwa, Sultani aliyeitwa Mundhir bin Sahali, na mji wake ulikuwa Buruji, wenye milango minne na misikiti arobaini na soko linukialo udi na zafarani. Na Sultani huyo alikuwa mtu wa haki, ila alikuwa na kasoro moja iliyowachosha raia zake, nayo ni kwamba hakutaka kusumbuliwa kabla hajamaliza kahawa yake, na kahawa yake haikuisha mpaka karibu na adhuhuri.

Na kila mwaka Sultani aligonga dirhamu mpya za fedha safi, upande mmoja jina lake na mwaka wake, na upande wa pili mizani ya haki. Lakini watu wa Buruji walikuwa na desturi ya tangu zama za vita: askari akiondoka huikwangua ile mizani akachonga jina la mkewe, na mfungwa huchonga mlango, na mama aliyefiwa huchonga kiatu kidogo cha mtoto. Na dirhamu ikishachongwa hivyo haipokelewi dukani wala msikitini, na mwenyewe akifa, wanawe huitupa sandukuni pamoja na misumari yenye kutu.

Basi alikuwapo katika mji huo mfanyabiashara wa vitambaa, jina lake Hilali bin Tamimu, mtu wa miaka thelathini na minane, hajaoa, anakaa na dada yake mkubwa, Bi Rehani, aliyekuwa mjane. Mungu alimjalia mali ya kutosha na akili ya kutosha na ugonjwa mmoja usio na tabibu: alinunua dirhamu zilizochongwa. Alitoa dirhamu mbili nzima kwa moja mbovu, na akishaipata huifunga katika kitambaa cha hariri, na wala haioshi, kwa kuwa alisema weusi ule ni jasho la aliyeichonga. Alikuwa nazo mia tatu na arobaini, na kila moja aliijua kama mtu anavyomjua mwanawe.

Watu wa sokoni wakamwita Mnunua-Mbovu, na jina hilo angeweza kulivumilia, lakini hakuweza kuvumilia hila zao. Maana haukupita mchana bila mtu kuja dukani na dirhamu aliyoikwaruza kwa msumari, akaapa kwamba ni ya babu wa babu yake.

"Hii umeikwaruza leo asubuhi," husema Hilali, na mishipa ya shingo imemtoka, "na unga wa fedha ungali umo katika kucha zako! Ewe mja wa Mungu, umeharibu pesa nzima na bado hukuchonga kitu! Huyu ni nani, mbuzi au mke wako?"

"Ni simba, Bwana Hilali."

"Toka dukani kwangu."

Siku moja ya Jumatatu, yule mwenye simba alipokuwa ndiyo kwanza anatoka, akaingia mwanamke aliyevaa ushungi uliochakaa lakini safi, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyekwisha kuzoea kukataliwa.

"Hodi, Bwana Hilali. Mimi naitwa Sinaini, binti wa Fundi Idarusi. Nimeambiwa unanunua sarafu mbovu."

"Nanunua zilizochongwa, bibie. Zilizokwaruzwa sinunui."

"Basi itazame hii. Na kama utanitukana kama ulivyomtukana yule, nirudishie nende zangu."

Hilali akaipokea, na alipoitia machoni akaisogeza kwenye mwanga wa mlango. Mahali pa mizani palichongwa chiriku mdogo, amefungwa mguu kwa uzi, na mkia wake umepinda kama jambia, na manyoya yake yamepangwa kwa ustadi ambao haupatikani kwa mafundi kumi.

"Umeipata wapi?"

"Alinichongea baba nilipokuwa na miaka kumi, nimelala na homa. Siiuzi kwa kupenda. Vingine vyote nimekwisha kuuza."

"Bibie, mimi ninazo saba kama hii."

"Uongo," akasema Sinaini, naye hakusema kwa ukali, alisema kama mtu anayesahihisha hesabu. "Baba alichonga moja tu."

Hilali akafungua sanduku, akafungua hariri, akazipanga zile saba juu ya kitambaa cheusi, na chiriku wakawa wanane, wote wa mkono mmoja. Sinaini akainama juu yao, akazigeuza moja baada ya moja, akitazama upande wenye jina la Sultani.

"Hii iligongwa mwaka juzi," akasema. "Na hii mwaka jana. Na hii ni ya mwaka huu huu! Bwana Hilali, baba yangu alipotea miaka tisa iliyopita. Alikuwa mchongaji wa nyumba ya sarafu ya Sultani, na asubuhi moja akatoka kwenda kazini asirudi, na Waziri Dahmani akatangaza kwamba amekimbia na fedha ya Sultani. Wakachukua nyumba yetu. Mama alikufa kwa aibu hiyo. Sasa niambie, maiti au mtoro ataichongaje dirhamu ya mwaka huu, na kuipeleka katika soko la mji alioukimbia?"

"Huenda fundi mwingine amemwiga."

"Soma hapo kwenye bawa."

"Hayo ni manyoya."

"Hizo ni herufi. Sinaini. Ndilo jina langu."

Hilali akaitazama, na manyoya yakawa herufi mbele ya macho yake, akajipiga kofi la paji la uso. "Miaka miwili! Nimeyahesabu manyoya haya, nimeyapima kwa uzi, nimewaeleza wageni habari zake mpaka wakasinzia, kumbe sikujua kusoma!"

Wakaenda wote wawili mbele ya Sultani, wakangoja mpaka kahawa ilipokwisha, na Sinaini akaeleza habari yake kwa adabu. Waziri Dahmani alikuwa amesimama kuume kwa kiti, mtu mrefu mwenye ndevu zilizotiwa hina, akacheka kidogo.

"Maulana, Mungu akuzidishie umri. Mtoro amechonga sarafu huko aliko, na soko limezirudisha. Kuna ajabu gani? Na huyu bwana anayezikusanya, sheria ya kale, ambayo haijafutwa, yasema aharibuye dirhamu ya Sultani hukatwa mkono. Basi anayewalipa watu ili waziharibu tumfanyeje?"

Sultani akakunja uso, kwani hakupenda kufikiri mara tu baada ya kahawa. "Leteni hizo sarafu siku ya Alhamisi nizione kwa macho yangu. Zikiwa kama msemavyo, nitaamrisha nchi nzima itafutwe. Zikiwa si kama msemavyo, Bwana Hilali, sheria uliyotajiwa ni sheria."

Sinaini akamkabidhi Hilali dirhamu yake ili ziende pamoja zote nane, na kila mmoja akarudi kwake.

Sasa sikiliza balaa linavyoingia nyumbani kwa mlango wa wema. Siku ya Jumatano, Hilali alipokwenda msikitini kusali alasiri, Bi Rehani alilifungua sanduku, akaona vile vitu vyeusi, akasema moyoni, "Mdogo wangu atampelekea Sultani masizi haya? Tutachekwa mpaka kiyama." Akachota jivu, akakata ndimu, akaketi uani akaanza kusugua. Na miongoni mwa zile mia tatu na arobaini ilikuwapo moja nene, ya zamani sana, iliyonunuliwa kwa mtu wa misafara, nayo ilichongwa mlango uliofungwa kwa komeo. Bi Rehani alipoitia jivu na ndimu, lile komeo likafutika, na mlango ukafunguka, na ukatoka moshi wenye harufu ya chuma cha moto, na katika moshi akasimama jini mkubwa kama lango la mji, amevaa aproni ya ngozi, na mikono yake midogo na laini kama ya sonara.

"Labeka!" akanguruma. "Mimi ni Zarzaki bin Zurbuki, jini wa nyumba za sarafu, niliyefungwa miaka elfu na mia mbili na fundi mmoja asiye na shukrani! Mwenye sarafu hii ni bwana wangu, na watu wa nyumba yake ni mabwana wadogo. Niamuru!"

Bi Rehani, kwa hofu, akashika jambo lililokuwa karibu na mikono yake. "Kama kweli wataka kazi, baba, basi nisaidie kuzisafisha sarafu hizi. Ziwe kama siku zilipotoka kiwandani."

"Amri njema kuliko zote nilizopata kuzisikia!" akasema Zarzaki, na machozi ya furaha yakamlengalenga, akapitisha kiganja chake juu ya sinia.

Hilali aliporudi alimkuta dada yake anatabasamu, na jini anatabasamu, na sinia inang'aa kama mwezi mchanga. Akainua dirhamu moja: mizani. Akainua nyingine: mizani. Kiatu cha mtoto, mlango wa mfungwa, majina ya wake wa maaskari, chiriku wanane, vyote vimekwisha, na mahali pake palikuwa na mizani, mizani, mizani, mia tatu na arobaini pamoja na ile ya Sinaini, na moja nene iliyokuwa tupu.

Akaketi chini vumbini. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Rehani, dada yangu, nani huyu?"

Alipokwisha kuelezwa, akamgeukia jini. "Zirudishe."

"Nizirudishe wapi, bwana wangu?"

"Zirudishe zilivyokuwa! Zilizochongwa!"

Zarzaki akarudi nyuma kama aliyetukanwa. "Ziharibike tena? Astaghafirullah! Sisi wa ukoo wa Zurbuki tumeapishwa kutengeneza, hatukuapishwa kuharibu. Nikivunja hata yai nitageuka majivu."

"Basi una kazi gani nyingine? Waweza kunipa dhahabu?"

"La."

"Waweza kumchukua mtu angani?"

"La, nina kizunguzungu."

"La haula!" akapiga kelele Hilali. "Watu wengine hupata majini ya kuwajengea majumba, mimi nimepata fundi bati!"

Na Zarzaki, ili kumtuliza bwana wake, akaziba ufa wa mtungi, na akanyoosha kijiko kilichopinda, na akamrudishia paka wa jirani sikio lililong'olewa na mbwa, na paka akakimbia kwa hofu asionekane tena mtaa ule.

Jambo lililokuwa zito kuliko yote ni kumwambia Sinaini. Hilali akamwendea asubuhi ya Alhamisi, akamweleza bila kuficha, akamwekea dirhamu yake mkononi. Sinaini akaigeuza, akapitisha kidole gumba mahali alipokuwa chiriku, na akakipitisha tena. Hakupiga kelele. Hilali alitamani apige.

"Ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho," akasema. "Twende kwa Sultani. Ahadi ni ahadi."

Wakaenda, na mambo yakawa kama yalivyotazamiwa kuwa. Sultani akazitazama dirhamu nane mpya, akawatazama wao, akasema, "Mmenitoa kwenye kahawa yangu ili mnionyeshe pesa?" Hilali akaanza kueleza habari ya jivu na ndimu na jini, na kadiri alivyoeleza ndivyo baraza lilivyozidi kucheka, na Waziri Dahmani akacheka kuliko wote, na katika kicheko chake mlikuwa na pumzi ya mtu aliyetua mzigo.

"Nyamazeni," akasema Sultani. "Bwana Hilali, nakujua miaka mingi, hukuwa mwongo, labda umepata wazimu. Nakupa mpaka Jumamosi. Kahawa yangu ikiisha nawe huna ushahidi, utakatwa mkono wa kuume, na mwanamke huyu atatoka Buruji asirudi."

Walipofika nyumbani kwa Hilali walimkuta Zarzaki amekaa uani, amejikunja ili asigonge paa, anatengeneza viatu vya mtaa mzima bila kuombwa. Hapo Hilali ghadhabu zake zikafurika, akamsomea jini maneno ambayo si vizuri kuyarudia, akamwita mpumbavu na mzigo na msiba wenye aproni, na kila akisema, Zarzaki hujibu kwa upole, "Labeka, bwana wangu," na hilo likazidi kumpandisha hasira.

"Na umejaza nini humo?" akasema Hilali. "Bati? Risasi? Hata mizani yako ni ya uongo!"

Basi hapo ndipo jini naye alipokasirika, kwa mara ya kwanza. "Mimi? Risasi? Nitukane ukoo, usiniguse kazi! Kila dirhamu nimeijaza kwa fedha yake yenyewe. Hakuna chembe ya mgeni. Kila punje iliyokwanguliwa niliiita pale ilipoanguka, ikaja."

Hilali alikuwa amekwisha kufungua kinywa ili amtukane tena, lakini Sinaini akamwashiria anyamaze, akamsogelea jini na dirhamu yake mkononi.

"Bwana Zarzaki, fedha ya hii uliiita kutoka wapi?"

Jini akainusa. "Nyumba yenye mlango wa buluu, mtaa wa wafua shaba. Ndani ya ufa wa sakafu, kando ya mahali palipokuwa na kitanda kidogo. Chembe mbili zilikuwa ndani ya mto."

Sinaini akaketi juu ya ngazi, akafunika uso. "Hapo ndipo alipokaa," akasema. "Sikujua kama alinikalia karibu hivyo." Kisha akajifuta, akazichukua zile saba. "Na hizi?"

"Hizo zote mahali pamoja. Chumba chini ya ardhi, hakina dirisha, kina moto, na kalibu za kumiminia fedha, na nyundo. Juu yake wanakanyaga farasi, nilisikia kwato. Farasi wazuri, tisa, mmoja ana kwato iliyopasuka, nami nikaiziba kwa kuwa nilikuwa papo hapo."

Hilali na Sinaini wakatazamana, kwani katika Buruji yote hapakuwa na mtu mwenye farasi tisa isipokuwa mmoja, na mtu huyo alikuwa akisimama kuume kwa kiti cha Sultani.

"Mbona hukusema?" akauliza Hilali kwa sauti ya mtu anayejizuia kulia.

"Hukuniuliza, bwana wangu. Ulikuwa ukinitukana."

Siku ya Jumamosi wakaenda barazani wakiwa na Zarzaki, na njia ya nusu saa ikawatwaa saa mbili, maana kila kilichovunjika kilimvuta jini kama sukari inavyomvuta sisimizi. Akainyoosha minara miwili iliyoinama, na akamrudishia mlinzi wa lango jino alilolimeza akiwa kijana, na mlinzi akalia kwa uchungu na furaha. "Usiguse!" akasema Hilali kila hatua. "Wacha! Pita! Zarzaki, nakuomba!" Walipoingia barazani jasho linamtiririka, na kahawa ya Sultani imebaki mafunda mawili.

Watu walipomwona jini wakaanguka kifudifudi, na Waziri Dahmani akapauka mpaka hina ya ndevu zake ikaonekana kama damu.

"Maulana," akasema Sinaini, "jini huyu hutengeneza kila kilichovunjika, naye hujua kipande kilichopotea kimelala wapi. Twakuomba umjaribu kwa kitu chochote ukipendacho."

Sultani, ambaye hofu yake aliificha nyuma ya kikombe, akavua pete yenye yakuti iliyomeguka pembeni. "Pete hii ya marehemu baba yangu iliharibiwa na yaya wangu, miaka hamsini sasa."

Zarzaki akaipokea, akaipulizia, yakuti ikawa nzima. "Kipande kilikuwa chini ya kizingiti cha chumba cha baba yako, Maulana. Pete ilitupwa ukutani na mtoto mdogo aliyenyimwa halua. Hapakuwa na yaya."

Sultani akawa mwekundu toka shingoni hadi masikioni. Akakiweka kikombe chini, na mafunda mawili yangalimo, jambo ambalo halijapata kutokea katika utawala wake. "Yule yaya alifukuzwa," akasema polepole. "Nami nilinyamaza." Kisha akainuka. "Nakuamini, jini. Sarafu za huyu bibi, fedha yake ilikuwa wapi?"

"Chini ya zizi la farasi tisa."

Waziri Dahmani akajitupa miguuni pa kiti. "Maulana! Utamsadiki shetani na kichaa na binti wa mwizi kuliko mimi niliyekutumikia miaka ishirini?"

"Kama hapana kitu chini ya zizi lako," akasema Sultani, "nitakuomba radhi mbele ya watu. Twendeni."

Wakaenda shambani kwa Waziri, wakawatoa farasi, wakafagia majani makavu, na chini yake wakakuta ukuta mpya wa mawe na chokaa, uliojengwa Ijumaa, kwa kuwa Waziri alikuwa ametishika akaziba mlango. Sultani akaamuru askari wauvunje. Askari wakapiga nyundo, jiwe likatoka. Na jiwe lilipotoka, Zarzaki akalirudisha. Wakapiga tena, yakatoka mawe matatu. Yakarudi matatu, na chokaa juu yake imesawazishwa vizuri kuliko mwanzo.

"Zarzaki!" akanguruma Hilali.

"Siwezi, bwana wangu! Mikono inakwenda yenyewe! Tazama wanavyoufanya ukuta wa watu!"

"Ndani yuko mtu! Hana hewa!"

"Najua! Nami moyo unaniuma! Lakini ukuta nao unaniuma!"

Sinaini, aliyekuwa ameweka sikio lake juu ya mawe, akapiga kelele kwamba amesikia mtu anakohoa. Hapo Hilali akavua kilemba chake, akakikunjua chote, akamfunga jini macho, na kwa mkia wa kilemba akamfunga mikono, kisha akamkumbatia kiuno kadiri mikono yake ilivyofika, akamwimbia masikioni wimbo wa kulaza watoto, wa kwanza uliomjia kichwani, kwa sauti mbaya sana, ili asisikie mlio wa nyundo. Na hivyo ndivyo Sultani wa Buruji na askari wake walivyoushuhudia ukuta ule ukianguka: mwenye duka la vitambaa anambembeleza jini, na jini analia kwa kwikwi kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

Akatolewa Fundi Idarusi, amebaki ngozi na mifupa, nywele nyeupe zimefika mabegani, akijikinga macho na jua. Na nyuma yake zikaonekana kalibu, na magunia ya dirhamu za bati zilizopakwa fedha, ambazo Waziri alimlazimisha azichonge mihuri yake ili azibadilishe na hazina ya Sultani. Kila mwaka walimpa dirhamu ya kweli aitumie kama kielelezo, naye huichonga chiriku kisha huitupia katika gunia la bandia, akijua kwamba dirhamu mbovu hukataliwa, na kinachokataliwa hupita mikono mingi, na huenda siku moja kikafika katika mkono wa mtu mwenye kutazama.

Sinaini akamwita, "Baba," na mzee hakumtambua kwa macho, alimwacha akiwa na miaka kumi na tisa. Akampapasa uso kwa vidole, kama fundi anavyopapasa kazi yake, kisha akasema, "Homa imeondoka?" Na waliosikia walilia, hata Sultani, ingawa alisema ni vumbi la zizi.

Waziri Dahmani akavuliwa kilemba na joho, akafungwa, na mali yake ikarudishwa hazina. Nyumba yenye mlango wa buluu wakarudishiwa wenyewe. Mpiga mbiu akazunguka mitaa yote akitangaza kwamba Fundi Idarusi hakuwa mwizi. Na Sultani akatuma watu wamtafute yule yaya, wakamkuta angali hai, kikongwe wa miaka tisini, akamwendea yeye mwenyewe kwa miguu, kabla ya kahawa.

Zarzaki akapewa kuta za mji na madaraja na visima vyote, avitengeneze apendavyo, kwa sharti moja, kwamba abishe hodi kwanza na aulize. Na Hilali akapewa magunia mawili ya dhahabu na cheo cha msimamizi wa nyumba ya sarafu, na sheria ya kukata mkono ikafutwa. Lakini usidhani alifurahi kama wafurahivyo watu wa hekaya. Alikuwa akiketi mbele ya sanduku lake, na zile dirhamu mia tatu na ushee, zilizobeba majina ya watu waliokwisha kufa, zinamng'aria usoni kama mazuzu.

Siku moja Fundi Idarusi, alipopata nguvu, akamjia, akamkuta Hilali ana haya, anamwomba msamaha kwa ajili ya chiriku.

"Nitakuchongea wengine saba ukitaka," akasema mzee, "lakini hawatakuwa kitu. Wale niliwachonga ili nitoke. Nimetoka. Mjumbe akishafikisha salamu hana haja ya kubaki mlangoni."

"Wako wamefika, baba. Wa wengine je? Yule mama wa kiatu? Yule mfungwa?"

Sinaini, aliyekuwa amesimama mlangoni, ndiye aliyekwenda akaleta karatasi na wino, akaketi akasema, "Wewe si wazijua zote kwa kichwa? Basi anza. Ya kwanza ilikuwaje?"

Hilali akaanza, na kazi ikawatwaa miezi minne, yeye anasema na Sinaini anachora, na mara nyingi waligombana, kwani Hilali alikuwa akisema, "Kisigino hakikuwa hivyo!" na Sinaini akijibu, "Basi chora mwenyewe!" na mzee Idarusi akacheka chumba cha pili. Walipofika ya mia tatu na thelathini na moja, Hilali akasema kwamba kitabu hiki kikiisha hajui atapata wapi sababu ya kumwita kila siku.

"Bwana Hilali," akasema Sinaini asiinue kalamu, "mtu wa miaka thelathini na minane hajui kwenda kumwona baba wa mtu?"

Akaenda, na mzee akaridhia kabla hajamaliza salamu. Ikafanywa harusi ya siku saba, na Sultani akaja, na Bi Rehani akapika biriani ya sufuria arobaini. Na sahani zilizovunjika katika ngoma hiyo zilikuwa nyingi, na Zarzaki akabisha hodi kwa kila moja.

Nanyi mliosikia, shikeni hili mrudi nalo majumbani: kuna ufa ambao ni kasoro na kuna ufa ambao ni maneno ya mtu, na anayeharakia kuuziba kabla hajausoma humnyamazisha aliyekuwa akisema naye. Nami nimeeleza kama nilivyoelezwa. Penye upungufu ni ulimi wangu, na penye uzuri ni wao waliokwisha kupita.